Habari za Neno Sauerstoff

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za neno moja la Kidachi, yaani lugha ya Wajerumani. Huenda wengine watasema, "Neno la Kidachi latufaa nini sisi tulimao mahindi na maharagwe?" Twajibu kwamba kitu kiitwacho kwa neno hilo, kila mmoja wetu hukivuta puani usiku na mchana, na mtu asipokipata kwa dakika chache hufa. Tena kwa sababu ya neno hilo sisi wenyewe tulikosa, na aliyelipa gharama ya kosa letu ni mtoto wa watu. Nasi twaona ni haki kuliungama kosa hilo waziwazi, kwa kuwa tulilitenda waziwazi.

Neno lenyewe ni Sauerstoff. Wadachi wana desturi ya kuunga maneno mawili au matatu yakawa moja, kama fundi aungavyo mbao. Sehemu ya kwanza, sauer, maana yake ni -chachu, kama ladha ya ndimu, au ukwaju, au maziwa yaliyolala. Sehemu ya pili, Stoff, wao waliipata kwa Wafaransa wa kale, na hapo kwanza maana yake ilikuwa kitambaa. Hata leo mwanamke wa Kijerumani aendapo dukani kununua kitambaa cha gauni, huomba Stoff. Baadaye neno likapanuka, likawa na maana ya kitu chochote ambacho kwacho vitu vingine hufanyizwa, kama vile nguo ifanyizwavyo kwa kitambaa. Basi Sauerstoff, ukilipasua, ni "kitu kifanyizacho uchachu". Ndicho kitu ambacho kwa Kiswahili twakiita oksijeni.

Sasa tuwaambie jinsi tulivyokutana na neno hilo. Katika ghala ya shule yetu mna sanduku la zamani la mbao, na ndani yake chupa tupu za kioo zilizobandikwa karatasi zenye maandishi ya Kidachi. Karatasi zimegeuka rangi zikawa kama majani makavu, lakini maandishi yasomeka. Tulipopewa kufundisha kemia, tulizileta chupa hizo darasani, tukatafuta na kamusi ndogo ya Kidachi, tukawa twapasua majina mbele ya wanafunzi. Nao walipenda sana. Wasserstoff: Wasser ni maji, basi ni kitu kifanyizacho maji, ndiyo haidrojeni. Kohlenstoff: Kohle ni makaa, basi ni kitu cha makaa, ndiyo kaboni. Twaweza kusema kwamba tulijiona tumepata ufunguo wa kufungulia nyumba yote.

Siku moja ufunguo huo ulituaibisha kidogo. Tulifika penye neno Stickstoff, jina la nitrojeni. Tukafungua kamusi, tukaona sticken, "kutarizi". Na Stoff, kama tulivyokwisha kujua, ni kitambaa. Basi hewa hiyo yaitwa kitambaa cha kutarizia! Wanafunzi walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Baadaye tukajua kwamba asili ya jina ni neno jingine, ersticken, maana yake kufa kwa kukosa pumzi. Watu wa kwanza walioichunguza hewa hiyo, mmoja wao ni Daniel Rutherford wa Scotland mwaka 1772, waliona kwamba mnyama akitiwa ndani yake peke yake hufa, na mshumaa huzimika. Kwa hiyo Wadachi waliiita "kitu cha kukosesha pumzi". Lakini tazameni, wasomaji: katika sehemu 100 za hewa tuvutayo, kadiri ya 78 ni hiyo hiyo, wala haitudhuru. Tena hapana mmea uwezao kustawi pasipo nitrojeni, wala mwili wa mtu haujengwi pasipo hiyo. Mking'oa shina la maharagwe mtaona vinundu katika mizizi. Ndani yake mna vijidudu vidogo mno viitwaavyo hewa hiyo na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Ndiyo sababu wazee wetu waliona mahindi hukubali mahali palipolimwa maharagwe. Basi jina lasema habari za mauti, na kitu chenyewe chatulisha.

Jambo hilo lilitosha kuwa onyo kwetu, kwamba jina si shahidi wa kusadikiwa peke yake. Lakini hatukuonyeka.

Tulipofika penye Sauerstoff, tuliwaambia wanafunzi hivi: "Kila tindikali duniani ina oksijeni ndani yake, nayo ndiyo iifanyayo kuwa chachu. Msisahau, kwa kuwa jina lenyewe lashuhudia." Hatukuwa tumelisoma neno hilo katika kitabu chochote cha siku hizi. Tulilitoa katika jina tu.

Mvulana mmoja wa nyuma akanyosha mkono. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Juma lililopita ulitufundisha kwamba maji yakipimwa kilo tisa, kilo nane ni oksijeni na moja ni haidrojeni. Mbona maji si machachu?"

Wasomaji, swali hilo ni jema. Leo twaona kwamba ni swali bora kuliko yote tuliyoulizwa mwaka ule. Lakini saa ile tuliona jambo moja tu, kwamba darasa zima limegeuka kututazama, na hatuna jibu. Tukamwambia, "Kaa chini. Je, wewe wajua kuliko waliotunga vitabu?" Akakaa.

Wakati wa mtihani tuliandika katika maswali, "Tindikali zote zina oksijeni: kweli au si kweli?" Wanafunzi wote waliandika "kweli", ila yeye. Yeye aliandika "si kweli". Tukatia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Na katika karatasi ya maendeleo ipelekwayo nyumbani tukaandika maneno haya: "Ana akili, lakini ni mbishi."

Mvulana huyo analelewa na mjomba wake, mtu mpole mcha Mungu, ambaye ndiye amlipiaye mahitaji ya shule. Mjomba akaisoma karatasi kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani, kama wafanyavyo wengi. Tangu siku hiyo wadogo zake wakamwita Mbishi. Jina likatoka nyumbani likafika kisimani, likatoka kisimani likafika shuleni. Hata sisi twakiri kwamba tulimwita hivyo mara moja au mbili, kwa mzaha. Naye akaacha kuuliza. Muhula mzima hakunyosha mkono wake, nasi tulidhani amepata adabu.

Ukweli ulitujia kwa njia ya chupa moja katika lile sanduku. Juu yake imeandikwa Salzsäure. Salz ni chumvi, na Säure ni tindikali, neno la ukoo mmoja na sauer. Zamani za karne ya 17, Mjerumani Johann Rudolf Glauber aliitengeneza kutoka katika chumvi ya kupikia, na ndiyo asili ya jina. Tulitaka kuwaeleza wanafunzi imefanyizwa kwa nini, tukatafuta habari zake kwa bidii. Tukakuta kwamba ina haidrojeni na klorini, basi. Oksijeni hamna hata chembe. Tukasoma mara ya pili, na mara ya tatu. Nayo ni tindikali kali, yenye kula chuma. Tena tindikali hiyo hiyo imo tumboni mwa kila mmoja wetu, yasaidia kuyeyusha chakula. Alioithibitisha habari hiyo ni tabibu Mwingereza William Prout mwaka 1824.

Basi aliyeandika "si kweli" ndiye aliyeandika kweli, na sisi tuliosema "jina lashuhudia" tulikuwa tumesadiki ushahidi wa uongo.

Tukaona haya, na kwa haya hiyo tukataka kujua uongo huo uliingiaje katika jina. Habari ni hizi. Carl Wilhelm Scheele, mtengeneza dawa aliyezaliwa Stralsund mwaka 1742 na kufanya kazi yake Sweden, aliipata hewa hii kabla ya wengine, lakini kitabu chake kilichelewa kupigwa chapa mpaka mwaka 1777. Yeye aliiita Feuerluft: Feuer ni moto, na Luft ni hewa. Katikati ya hayo Mwingereza Joseph Priestley, aliyekuwa mhubiri wa Injili, tarehe 1 Agosti 1774 alikusanya nuru ya jua kwa kioo na kuielekeza juu ya unga mwekundu utokao katika zebaki. Ikatoka hewa ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa nguvu mno.

Lakini aliyefahamu vema maana ya mambo hayo ni Mfaransa Antoine Lavoisier, aliyezaliwa Paris mwaka 1743. Alikuwa mtu wa mizani. Kila kitu alikipima kabla ya kukichoma na baada ya kukichoma. Alichoma kiberiti, alichoma fosforasi, akaona kwamba kila kimoja kilichukua kitu kutoka katika hewa, na kilichopatikana, kikitiwa majini, kikawa tindikali. Makaa nayo yalifuata njia hiyo hiyo, ijapokuwa tindikali yake ni dhaifu. Basi akahukumu kwamba kitu hicho cha hewani ndicho kizaacho tindikali zote. Mwaka 1777 akakitungia jina kwa maneno ya Kiyunani, oxys, maana yake kali au chachu, na neno jingine lenye maana ya kuzaa. Mwaka 1787 yeye na wenzake watatu walitoa kitabu cha majina mapya ya kemia.

Wadachi walipotaka kuifuata elimu hiyo, wengi hawakupenda kuchukua neno la Kiyunani wasilolisikia maana yake. Mwaka 1791 Christoph Girtanner alitoa kitabu cha majina mapya ya kemia kwa lugha ya Kijerumani, na mwaka 1792 Sigismund Friedrich Hermbstädt akatoa tafsiri ya kitabu kikubwa cha Lavoisier. Katika miaka hiyo Sauerstoff likakaa katika lugha yao. Waholanzi nao husema zuurstof, kwa maana ile ile. Warusi husema kislorod, yaani mzaa uchachu. Wajapani, waliosoma elimu hiyo katika vitabu vya Kiholanzi, husema sanso, nao wametia humo neno lao la uchachu. Kosa moja limehamia katika lugha nyingi, na kila lugha imelivika nguo yake.

Sisi Waswahili tusijione tumeokoka. Neno letu oksijeni lina kosa lile lile tumboni mwake, ila limefichika, kwa kuwa hatusikii Kiyunani. Mtoto wa Kijerumani hulisikia kila siku kwa lugha ya mama yake.

Lavoisier mwenyewe aliijua tindikali ya chumvi, naye alidhani kwamba oksijeni imo ndani yake, ila haijapatikana njia ya kuitoa. Hakuishi kuona mwisho wa jambo hilo, kwa maana aliuawa Paris tarehe 8 Mei 1794, katika machafuko ya Wafaransa, kwa sababu alikuwa mmoja wa waliokuwa wakikusanya kodi za mfalme. Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba katika tindikali ile oksijeni haimo, na kwamba hewa ya rangi ya kimanjano na kijani itokayo ndani yake ni kitu cha asili peke yake, akaiita klorini. Na mwaka 1838 Mjerumani Justus von Liebig alifundisha kwamba kiifanyacho tindikali kuwa tindikali ni haidrojeni, ile iwezayo kuondolewa mahali pake na madini.

Basi ingekuwa majina huhukumiwa kwa haki, ingalifaa Wasserstoff iitwe Sauerstoff. Lakini hakuna aliyeyabadili. Mpaka leo Wadachi husema Sauerstoff, na wataalamu wao wajua vema kwamba jina limekosa.

Hapo tulifikiri sana. Hivi jina ni nini? Katika vijiji vyetu twajua watu waitwao Mashaka, na Tabu, na Shida. Pengine huyo Shida leo ana nyumba ya bati na ng'ombe kumi. Jina lake halisemi habari zake yeye. Lasema habari za wazazi wake siku ile alipozaliwa, walipokuwa hawana kitu. Na Naomi, katika kitabu cha Ruthu, aliporudi Bethlehemu kutoka Moabu amefiwa na mume na wana wawili, aliwaambia wanawake wa mji wamwite Mara, kwa sababu ya uchungu wake. Lakini kitabu chaendelea kumwita Naomi, na mwisho wake amempakata mtoto mapajani. Kadhalika Sauerstoff halisemi habari za oksijeni. Lasema habari za mtu mmoja na mizani yake huko Paris, yale aliyoyaona na yale ambayo hajayaona bado. Ukilisoma hivyo, neno halikudanganyi.

Na lile jina tulilompa mvulana, nalo lasema habari za nani? Halikusema habari zake. Lilisema habari za mwalimu aliyekosa jibu mbele ya darasa.

Basi tulifanya mambo mawili. La kwanza, tulisimama darasani tukasema, "Muhula uliopita tuliwafundisha kosa, na mwenzenu huyu alisema kweli, nasi tukamnyamazisha. Tumekosa." Tukaeleza habari zote kama tulivyozieleza hapa. Darasa likanyamaza kimya. Halafu yule mvulana, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akanyosha mkono. Tukafurahi. Akasema, "Mwalimu, lakini maji yana haidrojeni pia. Mbona basi maji si machachu?"

Wasomaji, jibu hatukuwa nalo. Safari hii tulisema, "Hatujui. Tupe siku mbili." Tukatafuta, tukalipata. Msweden Svante Arrhenius, katika miaka ya 1880, alifundisha kwamba tindikali ikitiwa majini, haidrojeni yake huachana na mwenzake ikawa huru, na hiyo iliyo huru ndiyo iletayo uchachu. Lakini katika maji yenyewe haidrojeni imeshikana sana na oksijeni. Iliyo huru ni kidogo mno, hata ulimi hauisikii. Si kuwamo tu, bali kuwa huru. Tulipomweleza alifikiri kidogo, akasema, "Haya, Mwalimu."

La pili, tulikwenda nyumbani kwa mjomba wake jioni, na karatasi mpya mkononi. Tumeandika, "Ana akili, naye huuliza vema." Alama ya mtihani nayo tumeisahihisha. Tukamwambia, "Mzee, ile karatasi ya kwanza tuliiandika kwa hasira. Mtoto hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu." Mzee alitukaribisha, akaisoma mpya polepole, akaikunja. Akasema, "Asante, Mwalimu. Umefanya vema kuja. Lakini jina limekwisha kuingia vinywani mwa watu." Hatukuwa na la kumjibu. Tulikunywa uji tulioletewa, tukasali pamoja, tukarudi.

Hata leo tuandikapo haya, watoto humwita Mbishi, wala hatuwezi kuwaziba vinywa wote. Ila yeye huuliza tena, karibu kila siku, na mara nyingi maswali yake hutukesha na taa. Wanafunzi wengine nao wameanza kuuliza, kwa maana wameona kwamba mwalimu hafi akisema hajui.

Walimu wenzetu, na ninyi wazazi, twawasihi jambo moja. Lavoisier alikuwa mtu mwenye akili nyingi na mizani ya haki, naye alitoa jina kabla hajaona vitu vyote, na baada ya miaka zaidi ya 200 dunia yalitaja bado. Sisi je, tunaowapa watoto majina kila siku, huyu mvivu, huyu mjinga, huyu mbishi, twatumia mizani gani? Tupime kwanza. Na tukiisha kukosa, twende tukaseme, hata kama jina halitafutika. Mungu atusaidie.